Kelli Hand wa Detroit: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa Mtwara, kwa ajili ya mabinti wanaokuja kibarazani kwangu Chikongola kila Jumamosi kujifunza kupiga muziki, na kwa ajili ya wazazi wao, ambao mara nyingi wana maswali mengi kuliko watoto. Juu ya meza yangu ya kazi nimebandika picha ya mwanamke mweusi aliyeziinamia mashine mbili za santuri. Kila anayeingia huitazama, kisha huuliza, na baada ya kujibu kwa mdomo kwa muda mrefu nimeona heri niandike.

Kelli Hand alikuwa nani?

Alikuwa DJ na mtayarishaji wa muziki wa hausi na tekno. Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1964 katika mji wa Detroit, jimbo la Michigan, Marekani, akaufanya mji huohuo kuwa makao ya kazi yake, na akafariki dunia Agosti 2021 akiwa na umri wa miaka 56. Kwenye santuri zake jina huandikwa K. Hand au K-Hand. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kutunga na kutoa santuri za muziki huo katika mji ulioitoa tekno duniani, na tangu mwaka 1990 alikuwa na lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, yake mwenyewe. Kwa wanaopenda maana za majina, jina lake la ukoo kwa Kiswahili ni "mkono".

Je, muziki aliokuwa akiupiga ni muziki wa dansi tunaoujua?

Hapana, na jambo hili ni vizuri lieleweke mapema. Mzee mmoja kutoka Mikindani alimleta mjukuu wake kwangu akiamini kwamba nafundisha muziki wa bendi, na alipoona mezani hakuna gitaa wala tarumbeta alisikitika waziwazi. Sisi tukisema muziki wa dansi tunakusudia bendi, rumba, gitaa la solo, na kina Msondo na Sikinde. Huko Marekani muziki wa kuchezwa kwenye kumbi ulichukua njia nyingine. Hausi ilizaliwa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inasemekana jina lake lilitokana na klabu iliyoitwa Warehouse, ambamo Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri. Tekno ilizaliwa Detroit miaka michache baadaye mikononi mwa vijana weusi watatu waliosoma pamoja katika mji mdogo wa Belleville, nao ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mwaka 1988 mkusanyiko wa nyimbo za Detroit ulitolewa Uingereza ukiwa na neno tekno katika jina lake, na tangu hapo dunia ikalijua neno hilo.

Muziki wenyewe hutengenezwa kwa mashine. Ngoma kubwa hupiga sawasawa, moja, mbili, tatu, nne, bila kuyumba, na mwendo wa hausi ni kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika, wakati tekno huenda kasi kidogo zaidi. Aliyezoea singeli ataona huo ni mwendo wa pole, maana singeli hupita mapigo 200 na wakati mwingine hukaribia 300.

Kwa nini Mtwara ijishughulishe na mtu wa Detroit?

Kwa sababu tatizo alilolitatua tunalo hapa. Msichana wa Mtwara au Lindi anayetaka kupiga muziki harusini hukuta kila kitu kiko katika mikono ya mtu mwingine: spika ni za mwingine, miksa ni ya mwingine, nyimbo zimo katika flashi ya mwingine, na hata nafasi ya kusimama nyuma ya meza huombwa kama hisani. Mimi mwenyewe niliwahi kufika ukumbini na mkataba mkononi, sendofu ya watu wazima wenye heshima zao, na msimamizi wa ukumbi akaniambia nisubiri "fundi" aje awashe mitambo, kwa kuwa hakuamini kwamba fundi ni mimi. Nilisimama pale karibu saa nzima, wageni wakiwa wameshakaa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mitambo ilikuwa ya ukumbi, kwa hiyo sikuwa na la kufanya. Siku hiyo ndipo nilipoielewa vizuri habari ya Kelli Hand, ambayo nilikuwa nimeisoma zamani kama habari tu.

Detroit ni mji wa namna gani?

Ni mji wa viwanda vya magari uliokuwa na watu wapatao milioni 1.8 mwaka 1950, na uliobakiwa na watu wapatao laki saba kufikia mwaka 2010. Viwanda vilifungwa au kuhamishwa, watu wakaondoka, majengo makubwa yakabaki matupu, na mwaka 2013 serikali ya mji iliomba mahakamani kutambuliwa kwamba imefilisika. Hata hivyo ni mji wenye historia ndefu ya muziki wa watu weusi. Kampuni ya Motown ilianzishwa hapo mwaka 1959 na Berry Gordy, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari. Mtoto aliyezaliwa Detroit mwaka 1964, kama Kelli, alikua akijua kwamba muziki unaweza kutengenezwa katika nyumba ya kawaida mtaani kwake na ukasikika dunia nzima. Sisi wa Kusini tunaojua jinsi mji mzima unavyonyong'onyea msimu wa korosho unapoharibika, hatuhitaji kuelezwa mengi kuhusu mji unaotegemea kitu kimoja.

Alianzaje kazi?

Alianza kwa kusikiliza. Katika miaka ya 1980 alikuwa akisafiri kwenda New York, na huko aliingia Paradise Garage, klabu iliyokuwa katika jengo la zamani la kuegeshea magari katika mtaa wa King, ambamo Larry Levan alipiga santuri kuanzia mwaka 1977 hadi klabu ilipofungwa mwaka 1987. Waliofika mahali hapo husimulia zaidi ya yote habari za sauti, kwamba spika zilipangwa kwa uangalifu kiasi kwamba ngoma kubwa ilisikika kifuani kabla ya kufika masikioni. Kelli alirudi Detroit akiwa na kitu cha kukitafuta. Alinunua santuri, akajifunza kuziunga, na akapata nafasi ya kupiga mara kwa mara katika klabu ya Detroit iliyoitwa Zipper's.

Napenda kulikazia hili kwa wanafunzi wangu, kwa sababu wengi hufika wakitaka kushika vitufe siku ya kwanza. Anayeujua muziki kwa masikio yake, na akawahi kuona umati ukisimama au ukikaa kwa sababu ya wimbo mmoja, huwa amekwisha kupata nusu ya kazi kabla hajagusa mashine.

Kuna tofauti gani kati ya DJ na mtayarishaji?

DJ huzichukua nyimbo zilizokwisha kutengenezwa na kuziunga moja baada ya nyingine bila mapigo kukatika. Mtayarishaji, ambaye mtaani tunamwita prodyuza, ndiye anayeutengeneza wimbo wenyewe. Kelli Hand alifanya kazi zote mbili, na kila moja iliilisha mwenzake, kwa kuwa alichokiona kinawainua watu ukumbini usiku ndicho alichokwenda kukijaribu kwenye mashine mchana.

Tuitazame kazi ya utayarishaji kwa karibu. Mashine ya ngoma maarufu kuliko zote katika muziki huu ni TR-909 ya kampuni ya Roland ya Japani, iliyotengenezwa kwa muda mfupi tu, kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, haikuuzika vizuri, na kwa sababu hiyo vijana wasio na fedha nyingi waliweza kuinunua ikiwa imetumika. Chini yake kuna vitufe 16 vilivyopangwa mstari mmoja, na vitufe hivyo ndiyo duru moja ya mapigo. Chagua ngoma kubwa, kisha bonyeza kitufe cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13, na utapata dum, dum, dum, dum, ambao ndio uti wa mgongo wa hausi na tekno. Weka makofi kwenye cha 5 na cha 13. Weka tasa, yaani ile sauti ya "tsss", kwenye cha 3, cha 7, cha 11 na cha 15, na hapo mwili wa msikilizaji utaanza kutikisika wenyewe, kwa sababu tasa inaangukia kwenye upenyo ulioachwa na ngoma kubwa. Mashine inarudia, na mtayarishaji anaanza kuongeza kitu kimoja, kukitoa, kukizungusha, kukipunguza ukali, akiwa na subira ya mtu anayetwanga.

Mabinti wangu hufanya zoezi hili kwa programu ya bure kwenye simu, na mwanafunzi mmoja kutoka Newala alinishangaza siku ya kwanza. Aliyaweka mapigo kama nilivyoelekeza, akasikiliza, akasema, "Dada, hii inatembea lakini haichezi." Akaondoa kofi moja, akaongeza ngoma ndogo katika kitufe cha 4, cha 7 na cha 12, na papo hapo kibaraza kizima kikaanza kutikisa mabega. Alikuwa amepeleka ndani ya mashine kitu alichokisikia nyumbani kwao tangu utotoni. Sauti ya Detroit nayo ilipatikana kwa njia iyo hiyo, kwa watu kuingiza ndani ya mashine za Japani masikio waliyokuwa nayo tayari.

Kwa nini alianzisha lebo yake badala ya kutafuta kampuni ya kumtoa?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na naomba msomaji anivumilie nilijibu kwa urefu.

Mwaka 1990 Kelli Hand alianzisha lebo aliyoiita UK House Records, ambayo baadaye aliibadilisha jina kuwa Acacia Records, kutokana na jina la mtaa alioishi Detroit. Mti huo kwa Kiswahili ni mgunga, na hunifurahisha kufikiri kwamba mti wa Afrika ulipata kuandikwa katikati ya santuri za Detroit kwa njia ya kibao cha mtaa.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, lazima kwanza tuelewe santuri hutokaje. Wimbo ukishakamilika hupelekwa kwa fundi wa kuchonga, ambaye huuchonga kwa sindano katika sahani laini, mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kutokana na sahani hiyo hutengenezwa mihuri ya chuma, na mihuri hiyo huenda kiwandani kugandamiza plastiki ya moto, santuri moja baada ya nyingine. Kisha kuna karatasi za katikati zenye jina la lebo, mifuko ya kuhifadhia, na mwisho kabisa kuna kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kuzifikisha madukani. Detroit ilikuwa na bahati ya kuwa na hatua hizi zote ndani ya mji. Mafundi wa tekno walichongewa kazi zao na Ron Murphy, na kiwanda cha Archer, cha familia moja, kimekuwa kikigandamiza santuri mjini humo tangu mwaka 1965. Mtu mwenye wimbo mzuri na akiba kidogo angeweza kuzunguka mji kwa gari na kuikamilisha kazi nzima.

Wanaume wa tekno walifanya hivyo. Atkins, May na Saunderson kila mmoja alikuwa na lebo yake, na kundi la Underground Resistance lilijenga msimamo wake wote juu ya kutotegemea kampuni kubwa. Kwa mwanamke, hata hivyo, jambo hili lilikuwa na maana ya ziada. Mwanaume asiyekuwa na lebo angeweza kupeleka kanda yake kwa rafiki yake mwenye lebo, na rafiki angeisikiliza. Mwanamke alilazimika kwanza kumshawishi mwenye mlango kwamba kanda ni yake kweli, kwamba hakuna kaka au mume aliyebonyeza vitufe kwa niaba yake. Kelli alipokuwa na lebo yake, hakuwa na mlango wa kubisha. Yeye ndiye aliyeamua wimbo gani utoke, utoke lini, na jina gani liandikwe katikati ya santuri. Santuri ikishafika katika duka la Berlin au London, mnunuzi aliiweka kwenye mashine na kuisikiliza bila kuuliza habari za aliyeitengeneza, na akiipenda aliinunua.

Ndiyo maana sipendi anapoelezwa kama "mwanamke aliyefanikiwa kuingia" katika muziki wa wanaume. Hakuingia kwa mtu. Alijenga nyumba yake katika mtaa uleule, na wengine wakawa wageni wake.

Dunia ilimpokeaje?

Kampuni ya Warp ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa Sheffield, ilitoa kazi yake iitwayo Global Warning mwaka 1994. Mwaka uliofuata kampuni ya Studio !K7 ya Berlin ilitoa albamu yake On a Journey, na mwaka 2001 Tresor, nayo ya Berlin, ilitoa Detroit-History Part 1. Tresor ilianza kama klabu mwaka 1991, muda mfupi baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, ndani ya chumba cha chini ya ardhi cha kuhifadhia fedha cha lililokuwa duka kubwa, na ilikuwa daraja kuu kati ya Detroit na Ujerumani. Kelli alisafiri kupiga muziki katika nchi nyingi, hasa za Ulaya, na kama ilivyokuwa kwa wenzake wengi wa Detroit, alijulikana nje kabla ya kujulikana vizuri kwao.

Je, alikuwa mwanamke peke yake?

Hapana. Stacey Hale, anayejulikana kama Hotwaxx, alikuwa akipiga muziki Detroit tangu miaka ya 1980 na anaheshimiwa kama mama mlezi wa hausi mjini humo. DJ Minx, naye wa Detroit, alianzisha Women on Wax mwaka 1996 ili kuwakusanya wanawake wa kazi hii. Ng'ambo ya bahari, Smokin Jo wa Uingereza alitajwa na jarida la DJ kuwa DJ namba moja mwaka 1992. Karibu na kwetu kuna DJ Rachael wa Kampala, aliyeanza kupiga katika miaka ya 1990, na yeyote anayedhani kwamba kazi hii haijawahi kufanywa na mwanamke wa Afrika Mashariki asome habari zake. Kubishana juu ya nani alitangulia kwa mwaka gani hakunivutii. Waliokuwepo walikuwa wachache, na kila mmoja alibeba mzigo ambao leo ungegawanywa kwa watu kumi.

Ni kweli kwamba serikali ya mji ilimtunuku?

Ndiyo. Mwaka 2017 Baraza la Mji wa Detroit lilimpa heshima ambayo kwa Kiswahili tungeiita "Bibi wa Kwanza wa Detroit". Kwetu maneno hayo yanaweza kumfanya mtu afikirie mke wa kiongozi, lakini kusudio lilikuwa kumtambua kama mwanamke wa kwanza kujitokeza katika tekno na hausi ya mji huo. Ilikuwa miaka 27 baada ya kuanzisha lebo yake.

Mwanamke kupiga muziki mbele za watu si kinyume cha desturi zetu?

Wazazi huliuliza swali hili kwa upole, na mimi hulijibu kwa heshima, kwa kuwa najua linatokana na kuwapenda watoto wao. Jibu langu ni kwamba katika mikoa ya Lindi na Mtwara ngoma haijawahi kuwa mali ya wanaume peke yao. Katika unyago, wanaume wakishaondoka, ni nani anayepiga? Ni kina mama. Kungwi ndiye anayejua wimbo upi unafuata upi, wakati gani wa kuharakisha na wakati gani wa kumpumzisha mwali. Mengine ya humo hayaandikwi, nami siyaandiki. Lakini lile linaloonekana na kila mpita njia, mama mmoja akiigeuza ngoma juu ya moto wa makuti, akiipigapiga kwa vidole, akiusikiliza mlio, akiirudisha motoni mpaka ngozi ikaze, hilo ni kazi ya fundi wa sauti. Anachokifanya ni kilekile ninachokifanya ninapozungusha vitufe vya miksa kabla ya wageni kuingia.

Na tukitoka kwenye ngoma kwenda kwenye santuri, mtangulizi wetu ni Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mzazi anayemkumbuka Siti kwa fahari hana sababu ya kumzuia bintiye kugusa mashine.

Mzee wangu anasema kazi hii haina heshima. Nimwambie nini?

Usibishane naye. Mwombe aje siku moja alasiri aone tunavyofanya kazi. Kuna mzee aliyekaa kibarazani tangu alasiri hadi magharibi akitazama bintiye akiandika katika daftari mapigo ya kila wimbo, sekunde ya kuingia na sekunde ya kutoka, na wakati wa kuondoka aliniuliza tu kama binti atahitaji daftari jingine. Heshima ya kazi hii iko katika kufika mapema, kufunga mkataba kwa maandishi, kulinda masikio yako na ya wageni, na kumaliza kwa saa iliyokubaliwa. Nami siwaruhusu wanafunzi wangu kupiga vigodoro vya usiku kucha. Huo ni msimamo wangu, na walimu wengine wana wao.

Ninahitaji vifaa gani kuanza?

Simu yenye programu ya kutengenezea mapigo, hedifoni za waya zinazoziba masikio vizuri, na daftari. Basi. Kompyuta mpakato ije baadaye, kisha kidhibiti kidogo chenye visahani viwili, na hata hicho kinunuliwe kikiwa kimetumika, msimu wa korosho ukiisha na watu wanapouza walivyonunua kwa pupa. Spika ziwe za mwisho, kwa kuwa ni ghali na zinakodishwa. Ila nasisitiza jambo moja: chochote utakachonunua, hata kiwe kidogo, kiwe chako, na risiti iwe na jina lako. Nyimbo utakazotengeneza zihifadhiwe mahali pawili, na jina lako liandikwe katika faili kabla ya kumtumia mtu yeyote. Nimeona biti ya msichana wa Lindi ikizunguka mtaani kwa jina la mvulana aliyeazimwa flashi kwa usiku mmoja.

Je, naweza kuchanganya hausi au tekno na singeli?

Unaweza, lakini zingatia hesabu. Wimbo wa hausi wa mapigo 125 kwa dakika unaunganika kwa urahisi na singeli ya mapigo 250, kwa sababu moja ni nusu ya nyingine. Kila pigo la hausi litabeba mapigo mawili ya singeli. Anza na ngoma peke yake kwa muda, usiingize sauti ya mwimbaji mpaka watu wamezoea. Ngoma nyingi za huku kwetu, sindimba ikiwemo, mimi huzihesabu kwa tatu juu ya nne, na hapo vitufe 16 havigawanyiki sawasawa kwa tatu. Iweke programu yako kwenye hatua 12 badala ya 16, na mambo yatakaa sawa.

Kama alikuwa na lebo, alitajirika?

Alipata kazi ya maisha yake yote. Muziki wa Detroit wa chini kwa chini haukuwahi kuwatajirisha wengi waliouanzisha, na kumweleza mwanafunzi vinginevyo ni kumdanganya. Tangu watu walipoacha kununua santuri na baadaye kuhamia kwenye muziki wa intaneti, watayarishaji wengi duniani wamekuwa wakiishi zaidi kwa kupiga kuliko kwa kuuza. Lakini lebo yenye nyimbo zake ni shamba la mikorosho: mti uliopandwa mwaka 1990 bado unaweza kuzaa baada ya miaka thelathini, mradi shamba liko kwa jina lako. Kazi zake za zamani zinatafutwa na kusikilizwa leo na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipozitoa.

Nianze kumsikiliza wapi?

Anza na Global Warning, kisha On a Journey. Usisikilize kwa spika ya simu, maana ngoma kubwa haitasikika kabisa na utadhani wimbo hauna kitu. Vaa hedifoni, au unganisha simu na sabufa ya nyumbani kwa sauti ya wastani. Mara ya kwanza usifanye lolote, sikiliza tu. Mara ya pili chukua daftari na uandike kila sauti mpya inapoingia na kila sauti inapoondoka, na muda wake. Utagundua kwamba nyimbo za namna hii mara nyingi huanza na ngoma tupu na kuishia na ngoma tupu, na hilo limefanywa makusudi, ili DJ mwingine apate mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Asiyekuwa na hedifoni aje Chikongola Jumamosi baada ya swala ya alasiri, zipo jozi mbili za kupokezana.